Mvua Iliyoruka Siku Moja

Lurambi, Kakamega
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwako Babu, Mwalimu Osman,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta umeketi barazani na redio yako, na Kukhu Mwanamisi naye goti limempa nafasi ya kuzunguka boma. Mwambie unga wa wimbi alionitumia ulifika salama, na kwamba wenzangu hapa nyumbani wamekunywa uji wake kunishinda mimi mjukuu wake. Mimi ni mzima. Najua utashangaa kwa nini sikupiga simu. Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba jambo la maana huandikwa, maana mambo ya simu kila mtu huyakumbuka anavyopenda.

Masomo yanaendelea. Idara yetu ya hisabati imeanzisha mazungumzo kila Alhamisi saa nane. Wiki moja anakuja mtu aliyesoma tulichosoma, anatueleza hesabu zimemfikisha wapi. Wiki inayofuata mmoja wetu anasimama na kueleza utafiti wake, wageni wakisikiliza. Mpaka sasa tumeona mtu wa benki, mwalimu wa chuo cha Sigalagala aliyetuambia ukweli kuhusu kufundisha, na mama mmoja anayeitwa Cherono, wa kampuni ya bima ya mazao. Kampuni yake huwalipa wakulima mvua ikikosa kunyesha. Anatafuta mtu anayeweza kubashiri mvua ya sehemu zetu kwa hesabu. Babu, hiyo ndiyo kazi yangu yote ya uzamifu, na nimeijenga juu ya madaftari yako ya mvua.

Nimepangiwa kusimama tarehe 10 Julai. Cherono atakuwepo. Msimamizi wangu, Daktari Masinde, anasema nikifanya vizuri siku hiyo sitahitaji kuandika barua ya kuomba kazi.

Zile picha nilizopiga Desemba za madaftari yote, kuanzia 1981, nimeshaziingiza kwenye kompyuta. Nina swali dogo tu. Kati ya 1997 na 2002, kipima mvua kilikuwa palepale penye ua? Hakikuhamishwa?

Mjukuu wako,
Hadijah


Matungu
17 Februari 2025, mwezi 18 Shaaban

Kwa Hadijah,

Waaleikum salaam. Sisi hatujambo. Goti la kukhu yako liko vilevile, yeye mwenyewe anasema limepona, kwa hivyo ujue halijapona. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Miwa ya jirani imevunwa na lori limeharibu daraja dogo, sasa tunapita kwenye matope kama zamani. Barua yako ilikaa posta ya Mumias siku tisa. Bahasha ilikuwa imefunguka upande mmoja. Labda ni gundi.

Umeuliza swali dogo. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na mbili, na sijaona mwanafunzi akiuliza swali dogo bila kuwa na kubwa nyuma yake. Kipimo hakijahama tangu 1981. Kinasomwa saa tatu asubuhi, kila siku, na kila mwisho wa mwezi kadi inakwenda Nairobi. Cheti cha miaka thelathini bila kukosa siku kiko ukutani sebuleni. Ulikula Idi chini yake.

Sasa na mimi niulize. Kwa nini miaka hiyo sita na si mingine? Nani amekutuma? Huyo mama wa bima sijamwona, lakini najua kampuni. Mtu anayelipa mvua ikikosa hapendi kusikia kwamba imekosa. Siku mkulima wa Navakholo atakaposema mahindi yangu yamekauka, watafungua daftari la Osman na kumwambia, hapana, mzee wa Matungu anasema ilinyesha. Unataka jina langu lifanye kazi hiyo?

Na jambo moja zaidi. Kutoka Kakamega hadi hapa ni mwendo wa asubuhi moja. Kwa nini umeandika badala ya kuja?

Ni mimi babu yako,
Osman


Lurambi, Kakamega
Jumatatu, 10 Machi 2025

Babu,

Ramadhani njema kwako na kwa Kukhu. Najua mnafuturu kwa uji na viazi vitamu, na mimi hapa nafuturu kwa mkate na chai. Christine, mwenzangu wa darasa ambaye ni Mkatoliki, ameamua kunisindikiza kwa kutokula mchana. Alivumilia siku mbili.

Umeniuliza kwa nini sikuja. Nitakujibu. Niliogopa uso wako.

Ili kupima kazi yangu, niliyaweka madaftari yako kando ya yale ya shule moja ya sekondari iliyo njia ya Mumias, ambayo nayo ina kipimo. Si mbali na kwetu, mvua ikinyesha huko kwa kawaida inanyesha na kwetu. Tangu 1981 mpaka 1996 madaftari yenu yanakwenda pamoja vizuri sana. Kuanzia 2003 mpaka leo, vivyo hivyo. Ila miaka ile sita katikati yanagombana. Shule inasema ilinyesha Jumanne, wewe unasema Jumatano. Siku nyingine mnakubaliana, siku nyingine hamkubaliani, na sijaona mpangilio wowote.

Juzi nilifanya majaribio ya kusimama mbele ya wenzangu watatu. Christine aliona ile miaka kwenye mchoro na akasema, bila ubaya wowote, "Huyu aliyejaza hapa alikuwa anasimuliwa mvua, hakuwa anaipima." Nilicheka naye. Nilipofika chumbani nililia.

Babu, nitauliza mara moja tu. Tarakimu za miaka hiyo ulizipima, au ulizijaza baadaye? Kama zilibuniwa, kazi yangu ya miaka minne imesimama juu ya uongo. Cherono au mtu mwingine akiuona mbele ya watu tarehe 10 Julai, sitapata kazi hiyo wala nyingine, na nitakuwa nimestahili. Daktari Masinde sijamwambia. Sijamwambia mtu.

Hadijah


Matungu
4 Aprili 2025, mwezi 5 Shawwal

Hadijah,

Idi imepita. Tulikula ingokho, kuku mmoja, watu sita.

Unasema hujamwambia mtu. Jumatano ya juzi gari jeupe lilisimama langoni kwangu. Akashuka kijana mwenye kompyuta ya kushika mkononi, akasema anatoka kampuni ya bima, akataja jina langu lote mpaka la babu yangu, na akataka kuona madaftari ya mvua, "hasa ya zamani kidogo." Hasa ya zamani kidogo. Mimi ningemfukuza, lakini kukhu yako alikuwa ameshamletea chai. Akanywa, akapiga picha kipimo, akaondoka.

Swali lako sitalijibu. Si swali ambalo mjukuu humwandikia mzee wake kwa posta. Cheti kiko ukutani, na waliokitoa hawakuuliza walichouliza watoto wa chuo kikuu.

Madaftari hayaonekani. Nilikwenda jana kwenye sanduku la bati nikakuta nguo. Kukhu yako anasema ameyahamisha, hasemi wapi. Nadhani ameogopa watu wa gari. Hata mimi hataki kuniambia, na sijui kwa nini.

Osman


Lurambi, Kakamega
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Huku mvua zimeanza sawasawa, barabara ya kuingia kwetu imekuwa mto. Kukhu nimemnunulia dawa ya kuchua goti, nitamtumia.

Lile gari sikulituma mimi. Niliposoma barua yako nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari Masinde. Alikiri kwamba yeye ndiye aliyempa Cherono jina lako na la kijiji, "ili kurahisisha mambo." Hakuniuliza. Nilipomuuliza mambo gani, akaniambia nisiwe na wasiwasi mwingi, kwamba hivi ndivyo milango inavyofunguka. Tangu siku hiyo nafunga kabati langu kwa ufunguo, kitu ambacho sijawahi kufanya hapa. Sijui kama ananisaidia au ananiuza, na ninavyomwona anatabasamu nashuku ni yote mawili.

Kuhusu miaka sita, nina njia ya kutoka. Ninaweza kuifuta. Nitasimama na kusema kwamba kipimo cha Matungu hakikuaminika kati ya 1997 na 2002, kwa hivyo nimekiacha. Watu hufanya hivyo. Lakini hayo maneno yatachapishwa, na jina lako litakuwa chini yake. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na nimeifuta mara tatu.

Nisisahau, una salamu. Tuna mwenzetu hapa anaitwa Wangila, kwao ni Mautuma, kule Lugari. Alimtajia baba yake jina langu lote, na baba yake anakusalimia sana. Anasema ulimfundisha mdogo wake hesabu darasa la saba, mwaka wa 1999, na kwamba ulikuwa unakaa nyuma ya soko. Anasema hata likizo ulikuwa unakaa hukohuko.

Mimi nilikuwa sijui kwamba uliwahi kuishi Mautuma.

Hadijah


Lurambi, Kakamega
Jumatatu, 9 Juni 2025

Babu,

Wiki sita zimepita. Nimempigia Kukhu simu mara mbili, anasema wewe mzima, unakula, na hutaki kuzungumza. Nikamuuliza kama barua yangu ilifika. Akasema, "Ilifika. Aliisoma akiwa amesimama." Kisha akauliza kama nimekula.

Nilikuwa nimekasirika, sitakuficha. Nilijiambia, basi, nimebeba mvua ya kubuni miaka minne kwa sababu mzee mmoja alitaka cheti. Nikafungua picha za madaftari nianze kufuta. Ndipo nikaona kitu ambacho ningekiona mapema kama nisingekuwa na haraka ya kukushuku.

Karani wa ile shule alikuwa na tabia ya kuandika saa pembeni: alasiri, usiku, alfajiri. Nikazitenga. Babu, mvua za mchana zote zinakubaliana, Jumanne kwa Jumanne. Zinazogombana ni za usiku peke yake, na zote zimeruka siku moja mbele. Mvua ya usiku baada ya Jumanne, karani ameiweka Jumanne, kama mlivyofundishwa, kwamba kinachosomwa saa tatu asubuhi ni cha siku iliyotangulia. Daftari letu linaiweka Jumatano. Miaka sita mizima hivyo hivyo. Anayebuni hawezi kukosea kwa uaminifu namna hiyo. Huyu alipima kila asubuhi, na nadhani alipima tena jioni na kumwaga kabla jua halijazama, ili siku moja isichanganyike na nyingine.

Nilikaa na hilo kutwa. Kisha nikakumbuka kalenda ya ukuta ya kwenu, ile ya kuchana karatasi. Shuleni mwalimu aliichana asubuhi. Nyumbani sisi watoto tuligombania kuichana jioni, adhana ya magharibi ikilia, kwa sababu Kukhu alisema jua likizama siku imekwisha na nyingine imeingia. Aliyechana asubuhi alikuwa ameshachelewa.

Nimekuza zile picha. Tarakimu zako za saba zina mstari katikati. Saba za miaka ile hazina.

Babu, sikuulizi ulikuwa wapi. Nauliza nani alikuwa nyumbani.

Hadijah


Matungu
20 Juni 2025, mwezi 23 Dhulhija

Mjukuu wangu Hadijah,

Waaleikum salaam. Dawa ya goti ilifika, na inanuka nyumba nzima. Ndama anatembea vizuri. Daraja bado.

Alikuwa yeye.

Nilihamishiwa Mautuma Januari 1997. Uhamisho ulikuwa wa kweli, una barua na muhuri. Ningeweza kurudi kila mwisho wa mwezi kama walimu wengine. Kulikuwa na mama mmoja pale sokoni, na hilo linatosha, sitaliandika zaidi. Nilistaafu 2001. Mwaka mmoja baada ya kustaafu nilikuwa bado Mautuma, na hapo sikuwa na barua yenye muhuri. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa Eldoret na nyinyi watoto. Kila mtu alijua kidogo, na hakuna aliyesema.

Nilipokwenda nilijua kipimo kimekufa. Nilingoja Nairobi waniandikie kwamba nimeondolewa kwenye orodha. Hawakuandika. Nikadhani wamenisahau kama nilivyosahau mimi.

Nilirudi Januari 2003, asubuhi, na mfuko mmoja. Kukhu yako alikuwa uani. Hakuniuliza nimetoka wapi. Alinipa glasi ya kupimia kabla hajanipa maji ya kunawa, akasema saa tatu imekaribia. Nikapima. Ndani nikakuta kadi zote, za miezi sabini na miwili, nakala zake zimefungwa kwa uzi, na chini ya kila moja jina langu kwa mkono wake. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amenitazama kutoka jikoni miaka kumi na sita. Ile habari ya siku iliyotangulia hakuijua, kwa sababu haionekani kwa macho. Mimi nilikuwa mwalimu, na sikuwahi kumweleza.

Alifanya hivyo ili pasionekane pengo. Pengo lingesema kwamba mwenye nyumba hayupo. Hilo nalijua ingawa hajawahi kulitamka. Cheti kilipokuja 2011 nilikitundika mwenyewe. Alishika msumari.

Sijawahi kufungua madaftari ya miaka ile. Ulipouliza Februari, nilikwenda kwenye sanduku nikiwa na kiberiti mfukoni. Niliyashika, nikayarudisha. Aprili nilikwenda tena na kiberiti kilekile. Nilidhani ameyaficha kwa sababu ya watu wa gari. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nafichwa. Amenishuku, na alikuwa sahihi, na naona aibu kubwa kukuandikia haya katika umri huu.

Simama siku yako. Usiifute miaka ile. Taja jina lake. La kwangu fanya nalo unavyoona ni haki, sitakulaumu.

Osman


Lurambi, Kakamega
Ijumaa, 11 Julai 2025

Babu,

Assalaam aleikum. Jana nilisimama.

Ukumbi ulijaa, kwa sababu kulikuwa na chakula. Karatasi ya kwanza ukutani iliandikwa mada yangu, na chini yake: vipimo vya mvua, Osman na Mwanamisi, Matungu. Nilipofika miaka ya katikati nilisema hivi, na nakunukulia ili usisikie kwa mwingine: "Miaka hii sita babu yangu hakuwa nyumbani. Bibi yangu ndiye aliyepima. Aliihesabu siku kuanzia magharibi, kama anavyoihesabu mpaka leo. Nilipozirudisha mvua za usiku siku moja nyuma, madaftari mawili yalikubaliana." Nikaonyesha mchoro. Kwa kweli, Babu, mvua zake ni safi kuliko zako. Wewe una tarakimu nyingi za Jumapili zinazoishia na sifuri, kama za kukadiria.

Christine alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Wangila aliangalia viatu vyake, sijui kwa nini, labda kwa heshima yako. Daktari Masinde alisema mbele ya watu kwamba "sisi" tumegundua jambo zuri. Nilimtazama mpaka akaketi.

Cherono alinisubiri mlangoni. Aliniambia nafasi ipo, mshahara mzuri, ofisi Nairobi. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba wangependa madaftari yenyewe, si picha, yahifadhiwe kwao. Nikamuuliza, mkulima akitaka kuyaona siku mnayobishana naye, atayaona wapi? Akacheka. Akasema mimi ni mtu wa kushuku sana. Nikamwambia nimelelewa na watu wa kushuku.

Nimemjibu kwamba madaftari yana mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Akasema watanipigia. Nadhani hawatanipigia. Naogopa kidogo, na nimeomba fomu za kufundisha Sigalagala.

Msomee Kukhu barua hii. Usiruke mahali.

Hadijah


Matungu
18 Julai 2025, mwezi 22 Muharram

Kwa Hadijah,

Waaleikum salaam. Nimemsomea, na sikuruka. Alikuwa anapepeta maharagwe na hakuacha kupepeta. Nilipofika pale penye jina lake akaniambia nirudie, nikarudia. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama ule mwaka wa mvua kubwa mliuona, maana glasi ilikuwa inajaa mara mbili na alikuwa peke yake gizani na taa ya chemni. Nikamwambia mmeuona. Nami nikamwambia ahsante. Nilichelewa miaka ishirini na miwili kuisema. Alisema maharagwe ya mwaka huu yana mawe mengi.

Cheti nimekishusha. Sijui pa kukiweka.

Jana usiku ilinyesha. Asubuhi nilipokwenda uani nilikuta ameshasoma, na daftari liko wazi juu ya kigoda, na mengine yote chini yake, yale sita yakiwa juu. Mimi ningeandika Alhamisi. Yeye ameandika Ijumaa. Nimepiga mstari katikati ya ukurasa, kila mtu ana upande wake. Nimemwomba akuandikie mwenyewe hapa chini.

Babu yako,
Osman

*

Hadijah mwanangu. Usiku wa kuingia Ijumaa, milimita 14. Huyo mama wa bima akitaka madaftari, aje ayasome hapa mezani, chai ipo. Hayatoki. Nimesoma mimi.
Mwanamisi